Muulize Yaya: Vakanse inaisha na Lubumbashi sijaiona

Yaya, jambo. Mi ni mama wa Kolwezi, nimekuja Lubumbashi kwa vakanse na watoto, tumefikia kwa mjomba Katuba. Toka tufike ni kusalimia bandugu tu, leo kwa shangazi Ruashi, kesho kwa binamu Kampemba, kila nyumba wanakuwekea bukari (ugali) na huwezi kukataa, na sasa imebaki paka siku ya tano, posho na yenga, alafu siku ya kwanza asubui tunapanda bisi ju shule inaanza. Mji wenyewe sijauona! Watoto wanataka zoo, mi nataka muze na vitu vya zamani, mjomba naye anasema atatupeleka Kipopo kwenye maji. Nishike kipi? (Mama Mapasa, Kolwezi)

Mama Mapasa, kwanza pole na bukari. Hii mambo ya kuzunguka kwa bandugu mpaka vakanse inakwisha tunaijua wote, na dawa yake haiko, ukikataa watasema unajiona.

Sasa sikia. Siku zikibaki chache usiangalie nini ni kizuri zaidi, angalia nini iko na mlango. Kitu chenye mlango na mtu wa kukata bileti kinaweza kukufungia usoni, basi ndicho kinakuwa cha kwanza, na vitu vyenye haviko na mlango vinakungoja mpaka yenga mangaribi. Watu wengi wanafanya kinyume, siku ya tano wanashinda soko ya Kenya, ile komini ya hapa mjini, wakipigania bei ya viatu vya watoto, yenga ndio wanakumbuka muze, wanafika wanakuta sentineli amekaa kwenye kiti anakunywa chai.

Kwa hiyo siku ya tano asubui, muze. Msipite mbiombio. Waulize wakuonyeshe misalaba ya shaba, ile ya mikono mine, wazee wetu walikuwa wanaimimina miaka na miaka mbele mzungu hajafika, ilikuwa feza kabisa, na mingine wamefukua makaburi ya kule Sanga, ku ziwa Kisale, wakaikuta imelazwa pamoja na wafu. Watoto wa Kolwezi wanaona malori ya shaba kila siku mpaka hawayaangalii tena, wacha wajue hii kazi haikuanza na malori.

Mukitoka hapo tembeeni centre kwa miguu. Barabara zimenyooka ju mji ulichorwa mpya kabisa mwaka 1910, wakati reli ilifika kutoka upande wa Rhodesia, wakauita Élisabethville mpaka 1966. Pitieni katedrali ya matofali, na sinagogi ya 1930, ndiyo, sinagogi, wayahudi wengi wa hapa walitoka kisiwa cha Rhodes wakafungua maduka. Kuiona kutoka njiani inatosha, musisumbue watu wa mlangoni. Sanamu ya Tshombe, yule alitangaza Katanga nchi ya peke yake mwaka 1960, mutaikuta tu ku place de la Poste, na mjomba akiwapo jitayarishe, hapo wazee wa Katanga hawasemi kidogo.

Posho asubui, zoo, na asubui ni asubui, jua likipanda simba analala na watoto wataona mgongo tu. Mubebe maji, na kofia, hii vumbi ya mwisho wa kiangazi si mchezo. Mangaribi mjomba awapeleke Kamalondo kula michopo, nyama ya kuchoma. Mutaagiza kwa kilo, wanaikata mbele yenu, wanaifunga na kitunguu na pilipili, na watoto watapata usingizi wao mapema.

Kipopo mi ningeiacha. Ni pazuri, sikatai, lakini mtu wa siku tatu akienda kule anakula nusu siku yote njiani. Umwambie kwa heshima, "Mjomba, Kipopo tutaenda vakanse ijayo, sasa tuonyeshe Kamalondo ya ujana wako." Hatakasirika. Atafurahi mpaka utajuta kumuuliza.

Yenga mukitoka kanisa ndio shemine, ile bomba ndefu ya moshi ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na ule mlima mweusi pembeni yake, makapi ya ile shaba walianza kuyeyusha pale mwaka 1911. Mlima unapungua ju wanauchukua kidogokidogo kutoa kobalti. Foto mupigie mbali, njiani. Ile ni kiwanda na iko na walinzi, mutu akisogelea ukuta na simu mkononi anajitafutia maneno, na yenga ya mwisho hautaki kuimalizia mu maelezo.

Yaya, niko hapa mpaka posho, Mazembe haiko na mechi. Kuna maana kwenda stade? (Kunguru Mdogo, Likasi)

Kuna maana mdogo wangu. Stade yao ya Kamalondo ni ya 2011, inaingiza watu kama 18,500, nyeupe na nyeusi. Uliza mlangoni kwa adabu, wakikataa piga foto nje uende zako. Ni timu ya mataji 5 ya klabu bingwa Afrika, na 2010 ilikuwa ya kwanza ya bara letu kufika fainali ya klabu za dunia, kipa wao Kidiaba akirukaruka kwa makalio dunia nzima ikiangalia. Paka usivae jezi ya Lupopo, wapinzani wao wa hapa mjini, siku hiyo.

Nataka kupelekea mama yai la malakite, lile jiwe la kijani, lakini wanasema kuna ya plastiki. Nitajuaje? (Binti wa Kalemie)

Weka ku shavu. Jiwe linabaki baridi, plastiki inashika joto haraka, na jiwe ni zito kuliko ulivyowaza. Alafu angalia ile mistari ya kijani, mayai mawili yakifanana mistari kabisa, hayo yametoka kiwandani. Nunua siku moja mbele ya safari, ju mfanyabiashara akiona bagaje iko begani anajua uko na haraka na bei haishuki tena. Ufunge mu nguo katikati ya sanduku, ni jiwe laini, linakwaruzika upesi. Na umwambie mama asilioshe na limau wala vinegre, malakite ni shaba, asidi inakula ule mng'ao wote, apanguse tu na kitambaa chenye maji kidogo.