Kabla ya kulaumu waya, tazama bati la amecha

Amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, ikirudi kwangu imeungua mara ya pili, siku hizi siulizi aliisuka waya nani. Nauliza waya wa zamani ulitolewaje. Jibu huwa ni lile lile: "Tuliichoma, fundi."

Simcheki mtu. Nilijifunza kazi Gerezani, Dar es Salaam, na mimi nilichoma kama wote. Unaweka amecha juu ya mkaa, vanishi inawaka, shaba inalegea, unavuta kwa koleo na kazi imekwisha. Ukitumia msumeno wa chuma na tindo, nusu ya siku inakatika. Nilichokuwa sijui ni kwamba kile kiini cha chuma tunachokitupa motoni si kipande kimoja. Ni mabati membamba yaliyopangwa kama chapati, mengi yana unene wa milimita 0.5 hivi, na kila moja limepakwa ngozi nyembamba ya kulihami na mwenzake.

Ngozi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Amecha inapozunguka mbele ya sumaku, umeme hauzaliwi kwenye waya tu, unazaliwa ndani ya chuma pia, ukajizungukia humo humo na kugeuka joto. Wahandisi wanauita mikondo ya eddi. Mabati yakihamiwa, kila mkondo unabaki kwenye chumba chake kidogo. Ngozi ikiungua, vyumba vyote vinakuwa ukumbi. Ukipunguza unene wa bati kwa nusu, joto hilo linashuka hadi robo. Ukiongeza kasi ya mzunguko mara mbili, linapanda mara nne. Sasa piga hesabu: mota ya kaboni, ile inayopeleka umeme kwenye amecha kwa vipande vya kaboni, yenye ncha mbili za sumaku, ikienda mizunguko 12,000 kwa dakika, chuma chake kinageuzwa sumaku mara 200 kwa sekunde. Umeme wa TANESCO unafanya hivyo mara 50 tu.

Hesabu hiyo niliielewa baada ya kuharibu. Mzee mmoja, seremala, aliniletea randa ya umeme ya zamani ambayo amecha yake haiuzwi tena popote. Kiini kilikuwa kimesagika kwa sababu beringi ilikufa na mwenyewe akaendelea kuranda. Nikajiona mjanja: nikampelekea mchongaji kipande cha chuma cha duara, akakichonga mifereji 12 ya kulaza waya, safi kabisa. Nikasuka, nikapiga vanishi, nikawasha. Iliunguruma vizuri. Kabla ya dakika kumi, bila hata kugusa mbao, moshi. Waya ulikuwa mpya na mizunguko sahihi, ila chuma kizima kilikuwa kinajipika chenyewe.

Jaribio la pili nikakata bati la kuezekea. Hapo nacheka mpaka leo, maana bati hilo limepakwa zinki, na zinki inapitisha umeme. Nilikuwa nimepanga mabati yaliyounganishwa tayari.

Lililofanya kazi lilitoka kwenye transfoma ya UPS mbovu, kile kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Bati la humo ni chuma chenye silikoni, ambacho hupitisha umeme kwa shida kuliko chuma cha kawaida, na ndicho tunachokitaka. Ulimi wa katikati wa yale mabati ya umbo la E ulikuwa na upana wa milimita 38, nami nilihitaji duara la 35. Tahadhari moja hapa: usiende kutafuta bati la transfoma kubwa za nguzoni. Lile limetengenezwa lipitishe sumaku vizuri upande mmoja tu, na kwenye amecha sumaku inapita kila upande.

Kipimo cha 35 sikukitoa kwenye amecha ya zamani. Hiyo ilikuwa imeliwa na stata, sehemu ya mota isiyozunguka, hadi 34.6, na ningeinakili ningenakili ugonjwa. Pima tundu la stata, kisha toa nafasi ya hewa. Langu lilikuwa 35.8, nikaacha 0.4 kila upande. Kwa urefu, kiini cha milimita 40 hakichukui mabati 80 ya nusu milimita. Ngozi na nafasi ndogo ndogo zinakula karibu asilimia nne, kwa hiyo niliishia na 77.

Nilikatiwa kwenye karakana moja ya moldi za plastiki wenye mashine ya kukata kwa waya wa umeme, mabati yakiwa yamebanwa pamoja kama kitabu. Kisha nikayatenganisha moja moja. Wengi hapa wanachoka. Ukingo wa bati lililokatwa huwa na makali madogo unayoyasikia kwa ukucha, na makali hayo yakigusa bati jirani, mabati yameunganishwa. Nilipitisha msasa laini kila bati, nikapaka vanishi nyembamba, nikaacha ikauke, ndipo nikayapanga na kuyakandamiza kwenye shafti.

Na ukishapanga, tupa, ile ya kukwaruzia chuma, iweke mbali. Kuna tabia ya kupanua mfereji ili waya mnene uingie. Kwanza, tupa inapaka chuma kutoka bati hadi bati kama siagi. Pili, unakondesha jino, yaani chuma kilichobaki kati ya mfereji na mfereji. Jino jembamba sumaku inashiba mapema, nguvu inapungua, umeme unaovutwa unaongezeka na kaboni zinaanza kutoa cheche. Utabadilisha kaboni hadi uchoke. Vivyo hivyo kukereza kiini kwenye mashine ili "king'ae": kinang'aa kweli, lakini uso wote umeshonwa pamoja.

Kwa kutoa waya wa zamani, nakata vichwa vya koili upande mmoja kwa msumeno, napasha kwenye tanuri lenye kipimo lisilovuka nyuzi 360, kisha nasukuma. Asiye na tanuri atumie subira na tindo ya mbao. Baada ya kusuka, amecha ipite kwenye grola, kifaa cha sumaku ya umeme cha kupimia amecha: unawasha, unapitisha kipande cha msumeno juu ya mifereji, kikitetemeka sehemu moja una koili ambayo waya zake zimegusana.

Yote haya usiyafanye kwa grainda ya kawaida. Amecha yake ipo Kariakoo, nunua. Kutengeneza kiini ni kwa mashine isiyo na spea, na mteja aelezwe bei kabla hujagusa kitu. Yule mzee nilimtoza gharama ya kukata tu. Majaribio mawili ya kwanza yalikuwa ada yangu.