Seva ya muvi nyumbani: kufuli la kifaa peke yake haliwazuii watoto

Wazazi wenzangu mlioweka Jellyfin nyumbani (programu ya seva ya muvi), ile kompyuta ya zamani umeijaza katuni na muvi kila mtu anaangalia kwa waifai bila kula bando, swali naloulizwa sana ni hili: nifanyeje watoto waangalie TV ya sebuleni tu, wasiende kujifungia chumbani na tableti? Inawezekana, ila ina tundu.

Kila mtu awe na akaunti yake kwanza. Ya mtoto ukishaitengeneza ingia dashibodi, sehemu ya watumiaji, gusa jina lake, nenda kwenye ruhusa, utakuta kiboksi kinachoruhusu vifaa vyote, toa tiki halafu chagua TV peke yake. Kama TV haipo kwenye orodha ni kwamba haijawahi kuingia kwenye seva, rudisha tiki, iingize mara moja kwa akaunti ya mtoto, itatokea.

Sasa tundu lenyewe. Kufuli hilo linashika programu za kwenye TV na simu ambazo seva inazitambua, brauza halizishiki kabisa, na Jellyfin wenyewe wameandika hivyo palepale kwenye kiboksi ila nani anasoma. Mtoto akifungua Chrome kwenye tableti akaandika anwani ya seva na namba ya mlango (port) wa Jellyfin, 8096, mwishoni, anaingia kama kwake, mradi paswedi anaijua. Mpwa wangu kule Tabata ndo ilikuwa njia yake na mama yake akawa anashangaa mbona amefunga kila kitu. Kwa hiyo paswedi ya akaunti ya mtoto, mtoto asiijue, iandike mwenyewe kwenye TV, yenyewe itakumbuka.

Kingine, akaunti ya admin (msimamizi wa seva) haifungiki kwa kifaa, hata uhangaike vipi. Wababa wengi (ndiyo, tunawajua) wanaangalia mpira waliorekodi na muvi zao kwa admin hiyohiyo kwenye TV ya familia wanaiacha wazi wanaenda kulala. Jitengenezee akaunti ya kawaida ya kuangalizia, admin iguse laptop yako basi.

Ila mimi nguvu zangu nyingi nimeweka kwenye maktaba, maana hapo ndo kuna kazi kwa sisi wa Bongo. Jellyfin ina kipimo cha umri, unachagua mwisho wa mtoto ni wapi, lakini umri huo inautoa kwenye taarifa za muvi mtandaoni kwa kufuata jina la faili, na sisi muvi zetu tumejaziwa kwenye flashi huko Kariakoo, singo na sizoni zilizotafsiriwa, jina la faili limebeba jina la dijei na namba ya simu ya kibanda, seva itaijuaje hiyo? Inabaki haina daraja la umri. Ukiweka tiki ya kuzuia zisizo na daraja, nusu ya kabati inapotea pamoja na katuni za Kiswahili ambazo hazina shida yoyote, usipoweka, mtoto anapata muvi za mapanga na damu. Dawa ni folda mbili tofauti na maktaba mbili, moja ya watoto, na humo hakiingii kitu ambacho mtu mzima hajakiangalia, halafu akaunti ya mtoto unaipa maktaba hiyo tu. Inachosha lakini ukishafanya hivyo hata akipita kwa brauza atakutana na katuni zake zilezile.

Tableti nayo iweke kwenye waifai ya wageni kama ruta yako inayo, ruta nyingi zinatenga wageni wasione vifaa vya ndani, intaneti ya homwek atapata ila seva haioni. Na kile kiongezo cha DLNA (kinachorusha muvi kwa vifaa vya nyumbani) usikiweke kabisa, hakiulizi paswedi.

Kuna na ratiba ya masaa, siku za shule nimeweka mwisho 20:00 yaani saa mbili usiku. Angalia saa ya seva yenyewe kwanza, maana kama umeiweka kwa Docker (programu inayoendesha seva ndani ya kasha lake) bila kuiambia uko Dar inatumia UTC, saa ya kimataifa, iko nyuma masaa 3, kwa hiyo wewe unajua imezima saa mbili kumbe watoto wako huru mpaka saa tano.