Jibu: Naenda Canton Fair Oktoba kufuata vyombo vya jikoni, nianzie wapi?

Habari dada. Kama tiketi ya Guangzhou, mji wa China yanakofanyika haya maonyesho ya biashara, hujakata, usikate kwanza, angalia awamu. Maonyesho yana awamu tatu, na vyombo vya jikoni viko ya pili, Oktoba 23 hadi 27. Mimi safari ya kwanza nilitua awamu ya mashine na taa. Siku mbili nazunguka, miguu imevimba, sufuria sizioni!

Jisajili mtandaoni mapema upate barua ya mwaliko ya kuombea viza. WeChat, app ya kuchati ya Wachina, ipakue ukiwa bado nyumbani.

Bandani, kabla ya bei, uliza oda ya chini kabisa wanayokubali na vipimo vya katoni. Sufuria ni nyepesi ila zinakula nafasi, na mzigo wa kuchangia kontena unalipiwa kwa CBM, yaani mita za ujazo, siyo kilo.