Viza inakwisha, kibali cha ukaazi bado

SWALI: Nimetoka Mwanza kuja kusoma Ujerumani. Viza yangu imebakiza wiki tano, lakini miadi ya kuomba kibali cha ukaazi nimepewa baada ya miezi miwili. Nitahesabiwa mvunja sheria?

JIBU: Hapana, mradi ombi lifike kabla viza haijaisha. Kinachohesabiwa ni siku ya kuomba, si siku ya miadi. Kwa mujibu wa kifungu cha 81 cha Sheria ya Ukaazi, viza yako itaendelea kuwa halali mpaka uamuzi utoke. Tuma ombi sasa hivi kwa idara ya wageni, Ausländerbehörde, na utunze uthibitisho kwamba limepokelewa. Omba pia karatasi iitwayo Fiktionsbescheinigung, inayothibitisha kwamba bado uko kihalali wakati ombi linasubiri uamuzi. Ukitaka kusafiri nje, hakikisha imewekwa alama kwenye aya ya 4 ya kifungu hicho cha 81. Yenye alama ya aya ya 3 haikuruhusu kurudi.

Wengi hukwama kwenye anwani. Unatakiwa kuiandikisha ndani ya wiki 2 tangu uhamie, ukiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa pango hautoshi. Tafadhali, usichukue chumba ambacho mwenyewe anakataa kusaini.

Kwenye ombi la kibali, ambatanisha pasipoti, uthibitisho wa chuo, bima ya afya na ushahidi wa fedha. Tangu Septemba 2024 kiwango cha fedha kinachotakiwa ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka.