Ifuate chembe: kwa mnaoanza kusoma lipidi na maradhi ya ateri

Ukifungua sura ya lipidi kwa mara ya kwanza utakuta michoro yenye mishale kila upande, na utashawishika kuikariri yote. Isubirishe. Anza na hili: kolesteroli haiyeyuki kwenye maji, hivyo haisafiri peke yake katika damu. Hubebwa ndani ya chembe za lipoprotini, na ateri huanza kuugua chembe hizo zinapopenya ukuta wake na kunasa humo. Kwa kila swali, jiulize chembe imetoka wapi na nani anaiondoa. Mengine yatajipanga.

Ini hutoa VLDL, aina ya lipoprotini iliyojaa trigliseridi (mafuta ya nishati). Njiani misuli na tishu za mafuta huzichukua trigliseridi hizo, chembe inasinyaa, na baadhi huishia kuwa LDL, lipoprotini ndogo iliyosheheni kolesteroli. Kila chembe ya ukoo huu ina molekuli moja tu ya protini iitwayo apoB, tangu itoke kwenye ini hadi iondolewe. Kwa hiyo ukipima apoB umehesabu chembe. Wodini utaona faida yake: mgonjwa wa kisukari mwenye trigliseridi nyingi anaweza kuwa na kolesteroli ya LDL inayoonekana ya kawaida kabisa, kumbe chembe zake ni nyingi, ila kila moja imebeba kidogo.

Sasa ukuta wenyewe, na hapa naomba msipite haraka. LDL ikishapenya tabaka la ndani hushikwa na proteoglikani (molekuli za protini na sukari zilizomo ukutani), hukaa, huoksidika. Monositi, aina ya seli nyeupe za damu, huitwa, huingia, hugeuka makrofaji (seli walaji), na makrofaji humeza mafuta bila breki mpaka zinakuwa seli povu. Nyingi hufa hapo hapo na kuacha kiini laini cha mafuta. Seli za misuli laini nazo huhamia na kukifunika kwa kolajeni, protini ya nyuzi ngumu. Unene wa kifuniko hicho ndio wa kuuangalia.

Wengi mnakuja na picha ya bomba linaloziba kidogo kidogo. Iacheni mapema, maana itawapoteza kwa wagonjwa. Kwa muda mrefu ateri hutanuka kwa nje na njia ya damu hubaki wazi. Kifuniko chembamba kikipasuka, damu hugusa kiini na kuganda, na bonge hilo linaweza kufunga mshipa ambao haukuwa umebanwa sana. Ndiyo maana mtu anaweza kupata shambulio la moyo bila kuwahi kulalamika maumivu ya kifua.

Tena ugonjwa huu huanza mapema mno. Mwaka 1953 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa maiti za askari wa Marekani waliouawa Korea, umri wao wa wastani miaka 22: asilimia 77 walikuwa na dalili za ugonjwa kwenye ateri za moyo. Kwa hiyo usisome namba ya LDL ya leo tu. Uliza imekuwa hivyo kwa miaka mingapi.

Kuhusu uondoaji wa chembe kwenye damu, someni kazi ya Brown na Goldstein, waliopata Tuzo ya Nobel 1985 kwa kugundua kipokezi cha LDL (protini juu ya seli inayoinasa LDL na kuiingiza ndani) na jinsi mwili unavyodhibiti kolesteroli. Mtoto aliyerithi kasoro ya kipokezi hicho kwa baba na kwa mama anaweza kupata shambulio la moyo kabla ya kufika miaka 20, hajavuta sigara, hana presha. Statini, dawa ya kushusha kolesteroli, nayo itaeleweka hapo. Inapunguza utengenezaji wa kolesteroli ndani ya ini, ini linahisi upungufu, linaongeza vipokezi, na vipokezi vinavuta LDL kutoka kwenye damu. Kwenye mitihani wengi huandika hatua ya kwanza wakaishia hapo.

HDL, lipoprotini inayoitwa “kolesteroli nzuri”, nitaigusa tu: dawa zilizoipandisha hazikuleta kinga iliyotarajiwa, kwa hiyo msimwambie mgonjwa kwamba HDL kubwa inafuta LDL kubwa.

Na majibu ya maabara: mara nyingi LDL haijapimwa moja kwa moja, imekokotolewa kwa kanuni ya Friedewald ya 1972, jumla ya kolesteroli ukitoa HDL na trigliseridi iliyogawanywa kwa 5 kwa vipimo vya mg/dL (kwa mmol/L, kwa 2.2). Trigliseridi ikizidi 400 mg/dL, yaani takribani 4.5 mmol/L, kanuni hiyo haifai. Anza kusoma mstari wa trigliseridi, kisha ndipo uiamini LDL.