Mazabodi mpya, Windows imegoma: majibu ya maswali yenu

Maswali ya kuaktiveti Windows, yaani Microsoft kuthibitisha kwamba Windows yako ni halali, yamenijia tena kwa wingi, na karibu yote yanatoka kwa watu ambao wameshafungua kompyuta, wameshafomati, wameshabadilisha vifaa, ndo wanakumbuka kuuliza. Kabla sijaanza shikeni hili: leseni ya Windows 10 na 11 haikai kwenye diski. Imefungwa kwenye mashine, na ndani ya mashine kinachohesabika kuliko vyote ni mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vingine.

Swali: Mkuu, nimebadilisha mazabodi ya deskitopu, sasa Windows 11 inaleta 0xC004F211. Windows yangu ilikuwa halali kabisa. Nifanyeje?

Jibu: Namba hiyo maana yake seva za Microsoft zimeangalia vifaa vyako zikaona sio ile mashine zinayoijua. Cha kwanza jua leseni yako ni ya aina gani. Fungua kile kidirisha cheusi cha komandi, andika slmgr /dli, kitatokea kiboksi kidogo, soma kwenye mstari wa maelezo. Ukikuta OEM, hiyo ilikuja na kompyuta toka kiwandani na haki yake inaishia kwenye mazabodi ya kwanza, isipokuwa bodi ilikufa na waliotengeneza kompyuta ndo wamekubadilishia, hao wana namna ya kuandika ufunguo, yaani zile herufi na namba 25 za leseni, upya kwenye bodi mpya, kwa hiyo rudi kwao na uwadai. Ukikuta RETAIL, yaani ya dukani, na uliinunua mwenyewe basi tulia, hiyo inaruhusiwa kuhama ilimradi iwe inatumika kwenye mashine moja tu kwa wakati mmoja.

Ingia setingi, nenda System halafu Activation, hakikisha unatumia akaunti yenye haki za admini, bonyeza Troubleshoot, utaona chaguo la kusema umebadilisha hadwea hivi karibuni. Weka akaunti yako ya Microsoft, italeta orodha ya vifaa vyako, chagua kompyuta yako kwa jina lake, weka tiki kwamba ndo unayoitumia sasa, maliza. Hapa ndo wengi wanakwama, maana orodha inakuja na kompyuta yao haimo, kisa hawakuwahi kuunganisha leseni na akaunti. Kitu hiki kipo toka mwaka 2016, toleo la 1607 la Windows 10, ni bure na hakichukui hata dakika tano. Nenda sasa hivi kwenye ukurasa huohuo wa Activation uangalie: kama maandishi yanasema imeaktivetiwa kwa leseni ya dijitali iliyounganishwa na akaunti yako ya Microsoft, uko vizuri. Kama yanaishia kwenye leseni ya dijitali tu na akaunti haitajwi, hujaunganisha, na siku mazabodi ikifa utakuja kuniandikia kama huyu ndugu.

Swali: Nikiongeza RAM na kuweka SSD leseni itapotea?

Jibu: Hapana. Weka tu.

Swali: Nataka kupiga Windows upya kwenye laptopu yangu lakini chini haina stika ya ufunguo, naogopa.

Jibu: Stika zenye ufunguo zilikuwa mambo ya enzi za Windows 7. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wengi wanaandika ufunguo ndani ya chipu ya BIOS, ile ya kwenye mazabodi inayoiwasha kompyuta, na ukipiga Windows yenyewe inausoma. Ukitaka kuuona, fungua PowerShell, kidirisha kingine cha komandi, uandike (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey, zikitokea zile herufi na namba 25 zinakili pembeni. Isipoleta kitu usishtuke, kuna mashine zilipandishwa bure kutoka Windows 7 au 8, leseni zao zimeandikwa kwenye seva za Microsoft, hamna ufunguo wowote ndani ya chipu. Wakati wa kupiga ukiulizwa ufunguo chagua kwamba huna, endelea, ukishaunganisha intaneti itajiaktiveti yenyewe.

Ila, na hili nalisema kila mara, toleo lazima liwe lilelile. Laptopu imekuja na Home, fundi ana flashi yake ana mazoea ya kuweka Pro kwa kila mtu, anaweka Pro, inakataa kuaktiveti, badala ya kujiuliza kwa nini anachomeka kikorokoro cha kuchakachua, mwenye mali anaondoka akijua kompyuta imepona. Leseni yako halali ya Home bado iko pale kwenye chipu, haitumiki, na wewe umebebeshwa wizi ambao hukuuomba. Mwambie fundi toleo kabla hajaanza kazi, na akikabidhi kompyuta angalia ukurasa wa Activation mbele yake.

Swali: Naomba ufunguo wa bure wa Windows 11 Pro.

Jibu: Sina na sitoi. Swali hili mnalileta kila wiki. Zile funguo mnazozikuta zimebandikwa kila kona ya mtandao nyingi ni za kusakinishia tu, zinachagua toleo na kazi yake inaishia hapo, haziaktiveti chochote.

Swali: Fundi aliniwekea activator, ikawa poa kwa muda, sasa inaleta 0xC004F074. Niipate wapi mpya?

Jibu: Usiitafute. Elewa kwanza uliwekewa nini. KMS ni utaratibu halali wa mashirika na vyuo, shirika linaweka seva yake, kompyuta zake zinaaktiveti hapo, kila aktivesheni inadumu siku 180 na kompyuta inajaribu kuihuisha kila baada ya siku 7. Activator inaigiza hiyo seva ndani ya kompyuta yako, au inaielekeza kompyuta kwenye seva ya mtu usiyemjua wala yeye hakujui. Hiyo namba yako inasema seva haipatikani, basi.

Sasa kumbuka maelekezo ya hivyo vitu yanaanzaje: zima antivairasi, endesha kama admini. Yaani mlinzi umempa likizo na funguo za nyumba nzima umemkabidhi mgeni. Mwaka 2021 watu wa usalama wa mitandao waligundua installer bandia za KMSPico, moja ya hizo activator, zilizobeba Cryptbot, programu inayokomba pasiwedi zilizohifadhiwa kwenye brauza pamoja na pochi za sarafu za kidijitali. Aliyeidaunilodi alikuwa anatafuta Windows ya bure. Kwa hiyo wewe hamisha mafaili yako, futa diski yote, piga Windows kutoka kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, toleo lililokuja na mashine, halafu badilisha pasiwedi zako kwa kutumia kifaa kingine, uanze na ya barua pepe na ya benki.

Swali: Ufunguo nilinunua mtandaoni kwa bei chee, ulikubali mara ya kwanza, nimefomati unaleta 0xC004C008.

Jibu: Umeshatumika mara nyingi kupita kiwango chake. Mara nyingi ufunguo wa bei ya ajabu umechomolewa kwenye mkataba wa shirika fulani ukauzwa kwa watu kibao. Mrudie aliyekuuzia udai hela yako.

Swali: Nisipoaktiveti kabisa kompyuta itazima?

Jibu: Haizimi. Utakaa na maandishi kwenye kona ya chini kulia na hutaweza kubadilisha mandhari kwenye setingi, ila masasisho ya usalama yanaendelea kuja. Mimi bora nikuone na hayo maandishi kuliko na activator. Na kama bado uko Windows 10, jua msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, hilo ni tatizo kubwa kuliko maandishi ya kwenye kona.

Swali: Wiki ijayo fundi anabadilisha mazabodi ya laptopu yangu, kuna kitu nifanye kabla mbali na kuunganisha akaunti?

Jibu: Ubarikiwe kwa kuuliza kabla. Kipo, na ni kikubwa kuliko leseni: BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski yako. Laptopu nyingi za sasa zinaifunga diski hivyo bila mwenyewe kujua, na bodi ikibadilika diski inagoma mpaka uipe namba ya kurejeshea. Dada yangu yalimkuta. Laptopu imerudi kutoka kwa fundi, anaiwasha, skrini ya bluu, inataka namba 48, makundi nane ya tarakimu sita sita, na ndani kuna tasnifu yake ambayo nakala nyingine hana. Fundi akasema hapo ni kufomati tu. Nikamzuia. Tukaingia kwenye akaunti yake ya Microsoft kwa simu, maana namba hiyo mara nyingi huhifadhiwa huko, haikuwepo. Akakumbuka kwamba siku alipoinunua aliiwasha kwa barua pepe ya zamani ya chuo, tukahangaika na pasiwedi mpaka usiku, tukaingia, namba ikawepo, herufi nane za mwanzo za utambulisho zikafanana na zile za kwenye skrini. Nilimsomea tarakimu moja moja naye anaandika, mikono inatetemeka.

Kwa hiyo leo hii fungua kidirisha cha komandi kama admini, andika manage-bde -protectors -get C: na ikitokea namba ya tarakimu 48 iandike kwenye karatasi, usiihifadhi kwenye laptopu hiyohiyo. Halafu nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Fundi akimaliza, washa naye, usiondoke mpaka umeona desktopu yako.