Padri Mzungu na Kigujarati chake

SWALI: Hujambo Mwalimu? Mimi ni wa kaunta katika duka la hadiwea hapa Kisumu, huu mwaka wa sita. Mdosi wangu ni Mhindi, mzee wa miaka sabini na kitu, Mhindu anayewasha udi kila asubuhi kabla hajafungua droo ya pesa. Juzi nilimkuta na kijitabu cha Kigujarati kilichochakaa, nikamuuliza ni cha nani. Akasema, "Hii ya Fada Vallés. Padri yenu, nyinyi Katoliki." Nikacheka, nikadhani ananitania. Mapadri si walienda India kubatiza tu? — Msomaji, Kibuye.

JIBU: Hakukutania, ndugu yangu. Carlos González Vallés alizaliwa Uhispania mwaka 1925, akafika India 1949 akiwa Mjesuiti, akawa mwalimu wa hesabu katika chuo cha St. Xavier's mjini Ahmedabad. Aliandika vitabu vya hesabu kwa Kigujarati, lakini sidhani mdosi wako anakunywa chai na hesabu. Kilichompa jina ni insha zake kuhusu mambo ya nyumbani: ndoa, wazazi, vijana na hasira zao. Na mambo hayo aliyajua kweli. Kwa miaka kama kumi aliacha makao ya mapadri akawa anabisha hodi katika mitaa ya zamani ya Ahmedabad, kule kwenye vichochoro vyembamba, akiomba familia za Kihindu zimkaribishe siku chache. Anakula wanachokula, analala wanapomwonyesha, kisha anahamia kwa jirani. Mwaka 1978 alipewa Ranjitram Suvarna Chandrak, nishani ya dhahabu ambayo waandishi wa Kigujarati wanaiheshimu kuliko zote. Hakuna mgeni aliyekuwa ameipata kabla yake.

Mwingine unayepaswa kumjua ni Mwitaliano, Constanzo Beschi, lakini ngoja kwanza nikupitishe kwetu Kakamega. Nilipokuwa mtoto tulikuwa na padri Mholanzi aliyehubiri kwa Kiluhya. Jumapili moja alifupisha irabu iliyopaswa kuvutwa, na kina mama wakaficha nyuso kwa leso. Neno lenyewe silitaji. Ukurasa huu unasomwa na watoto. Ila ndipo nilipoelewa kwamba urefu wa irabu si jambo dogo. Wewe fikiria "choo" na "cho" ziandikwe sawasawa.

Watamili, watu wa kusini mwa India, walikuwa na tabu hiyohiyo. E fupi na o fupi zilipaswa kuwekewa nukta juu, lakini watu waliandika kwa kuchora majani ya mtende kwa ncha ya chuma, na nukta hutoboa jani. Kwa hiyo waandishi wakaziacha, msomaji akabaki kubahatisha. Beschi, aliyeishi kwao nusu ya kwanza ya karne ya 18, alipindua mambo: fupi akaiacha bila alama, ndefu akaipa kijipindo ambacho chuma kinaweza kukichora bila kuharibu jani. Hadi leo mtoto wa Kitamili shuleni anaandika hivyo. Padri huyo pia alitunga kamusi, na Tembavani, utenzi wa beti 3,615 kuhusu Mtakatifu Yosefu. Watamili walimpa jina lao, Viramamunivar, na sanamu yake iko ufukweni Chennai.

Halafu kuna Camille Bulcke, padri Mbelgiji wa mji wa Ranchi, India, aliyekataa kuandika tasnifu yake kuhusu hadithi ya Rama, shujaa mtakatifu wa Wahindu, kwa Kiingereza wakati chuo kikuu cha Allahabad kilikuwa hakikubali lugha nyingine. Chuo ndicho kilichobadilisha kanuni. Kamusi yake ya Kiingereza na Kihindi ilitoka 1968.

Sasa hilo lako la "kubatiza tu". Hukukosea sana. Thomas Stephens, padri Mwingereza aliyefika Goa, koloni la Wareno huko India, mwaka 1579, aliandika Kristapurana, hadithi ya Biblia kwa mashairi ya mtindo wa ovi, ule ule wa washairi watakatifu wa Kihindu. Kilitoka 1616, nacho ni kizuri ajabu. Lakini kiliandikwa kwa sababu waliobatizwa walikuwa wamenyang'anywa purana zao, yaani masimulizi matakatifu ya Kihindu, wakabaki hawana cha kuimba. Goa hiyo hiyo ilikuwa na mahakama ya Baraza la Uchunguzi wa Imani tangu 1560, na mwaka 1684 serikali ya Wareno ikapiga marufuku Kikonkani, lugha ambayo Stephens mwenyewe aliitungia sarufi. Mimi ni Mkatoliki, na sioni njia ya kulizunguka hilo. Usijaribu kulizunguka mbele ya mdosi wako pia; huenda analijua.

Asubuhi moja, kabla mafundi hawajajaa kutafuta misumari, mwombe akusomee ukurasa mmoja wa kijitabu kile na akutafsirie. Kisha niandikie ulihusu nini.